Fimbo za kulengea za kujitengenezea: fito tatu, tyubu ya baiskeli, na mwili wako ndo kipimo

Nyayo Mbichi:

Wakuu salama? Leo naleta mada ya fimbo za kulengea, zile fito mbili au tatu unazifunga huku juu afu unaegesha bunduki kwenye panda upige ukiwa umesimama au umekaa. Naona watu wengi wanawinda mikono mitupu wakitegemea mti ukitokea, na wengine wanazo za dukani ila hazijawahi kuwatosha. Mi zangu nakata mwenyewe, hii ni seti ya nne, na nilichojifunza ni kwamba ufito uliokatwa kwa kipimo cha mwili wako unaishinda stendi ya bei kali iliyopimwa kwa mtu mwingine.

Nianze na kilichonifikisha hapa. Kuna msimu niliwinda na fimbo za kuazima, fupi kwangu kama kiganja na nusu hivi. Dume la swala limesimama ubavu, hatua kama tisini, upepo unanipiga usoni, yaani kila kitu kimekaa. Nikakunja magoti nusu, mgongo nimeupinda, mapaja yanatetemeka, na kwa ile haraka nikauegesha mtutu wenyewe kwenye panda badala ya ile mbao ya mbele tunayoshikaga kwa mkono wa kushoto. Risasi ikaenda juu, ikampasua juu ya bega. Tukafuata damu mpaka giza likatukatalia, tukampata kesho yake asubuhi bado anahema. Lile jicho lake ninalo mpaka leo. Mnyama kateseka usiku mzima kwa sababu ya fito fupi na sentimita chache za mahali pa kuegesha, basi nikaapa sitoki tena na kitu ambacho sijakijaribu.

Kwaiyo la kwanza kabisa, USIEGESHE MTUTU. Mtutu unapopigwa risasi unatikisika kama kamba ya gitaa, ukiukandamiza kwenye kitu kigumu ule mtikisiko unabadilika na mtutu unaruka kutoka pale ulipokanyagia, mara nyingi risasi inaenda juu. Egesha mbao. Na kama panda yako ni ngumu weka kiganja kwanza ndani ya panda afu mbao ikae juu ya kiganja.

Sasa utengenezaji. Mimi natumia mianzi kwa sababu ni myepesi na ina ugumu wa kutosha, lakini ufito wowote ulionyooka wa mti mgumu unafaa, unene wa milimita 20 mpaka 25 hivi. Mwanzi uwe umekomaa, sio ule wa mwaka huu ambao bado una majimaji, ukiukata mchanga utasinyaa na kupasuka. Anika kivulini wiki kadhaa, umelazwa au umefungwa kwenye kitu kilichonyooka, usiuweke kwenye jua kali hata kama una haraka. Halafu angalia mafundo: chini kabisa pakatwe karibu na fundo, fundo liwe ndo kisigino, sababu ukikata katikati ya fundo na fundo ule mdomo wazi unapasuka siku ya kwanza tu unapougonga kwenye jiwe.

Kipimo ndo roho ya kazi. Hakikisha bunduki haina risasi, fungua uangalie na mwenzio aangalie, afu simama kawaida kichwa juu, weka kitako begani, lenga kitu cha mbali usawa wa macho. Mwenzio apime kutoka ardhini mpaka chini ya ile mbao ya mbele. Kwangu ni sentimita 145. Sasa usikate 145! Miguu ikitanuka panda inashuka, na juu ya kifungo unahitaji kama sentimita 12 za panda yenyewe. Mimi nimekata 170. Hapo miguu ikiwa imeachana sentimita 80 kifungo kinakaa kwenye 151, nikiisogeza mpaka 110 kinashuka 145. Yaani kwa kutanua na kubana tu nina sentimita sita za kucheza nazo bila kukunja goti. Kata ndefu kwanza, kupunguza utapunguza tu.

Kufunga natumia tyubu ya ndani ya baiskeli, ile iliyokwisha kazi. Kata utepe wa sentimita mbili na nusu kwa upana, urefu kama mita moja. Laza fito tatu sambamba, zungusha juu ya wa kwanza, chini ya wa kati, juu ya wa tatu, rudi hivo hivo mara sita au saba, usivute kwa nguvu zote. Halafu pitisha mizunguko miwili KATI ya fito na fito ukikaza, hiyo ndo inafanya kifungo kisiteleze. Simamisha, vuta wa kati nyuma na wa pembeni kila mmoja upande wake, utasikia mpira unalia kidogo na unashika. Ukiona inafunguka kirahisi kama mkasi umelegeza, ukiona inabidi ukanyage ndo ifunguke umekaza mno.

Panda nazivika vipande vya tyubu hiyo hiyo, unateleza kama soksi. Haikwaruzi mbao na haipigi kelele. Visigino navivika mpira wa magongo ya wagonjwa kwa sehemu za mawe, nikienda kwenye udongo laini nautoa.

Karibuni tujadili, mwenye lake aseme.

Fundi Keekee:

Mkuu umeeleza vizuri ila tyubu mi nimeiacha. Jua linaila, mwaka mmoja inaanza kupasuka vinyufa vidogo vidogo kama ngozi ya kisigino, na siku itakatika ni siku mnyama kasimama mbele yako. Mi natoboa kwa keekee naweka bolti ya milimita 6 na washa (kile kipete bapa cha kuvika kwenye bolti) kila katikati ya ufito na ufito. Imara, na inafunguka kila siku vilevile.

Ila kwa mwanzi toboa kwa akili. Zungusha tepu kwanza pale unapotoboa, anza na msumari mwembamba wa keekee wa milimita 2 au 3 ndo uje na wa 6, na tundu likae karibu na fundo ila sio kwenye fundo lenyewe. Ukianza na wa 6 moja kwa moja mwanzi unafunguka kutoka juu mpaka chini, nimeshapoteza miwili hivo.

Nyayo Mbichi:

Fundi Keekee hilo la jua ni kweli tupu, mi tyubu nabadilisha kila kabla ya msimu, ni kazi ya robo saa. Na bolti kwa miguu MIWILI nakubaliana na wewe asilimia mia. Lakini kwa mitatu nina shida nayo. Bolti moja iliyonyooka inaruhusu fito zizunguke kwenye mstari mmoja tu, mbele na nyuma, au kushoto na kulia kutegemea umeielekeza wapi. Miguu mitatu inataka kufunguka pande tatu, sasa ule wa tatu unautoa vipi? Ukilazimisha unapinda bolti au unapasua tundu. Wewe unafanyaje?

Fundi Keekee:

Swali zuri mkuu. Tundu natoboa kubwa kuliko bolti, milimita 8 kwa bolti ya 6, na katikati naweka washa za mpira nene nilizokata kwenye kandambili iliyochakaa. Ule mpira unabonyea, fito zinapata nafasi ya kulala upande. Hazifunguki sana kama zako lakini zinafunguka. Kwa ufito wa milimita 22 mara tatu, na hizo washa, na nati, bolti isipungue milimita 100 urefu, ukinunua fupi utarudi tena. Na kwa tundu la 8 tumia ufito wa 22 kwenda juu, ukichukua mwembamba wa 16 au 18 unabaki na ukuta wa milimita nne tano kila upande, huo unavunjika ukiuegemea.

Mzee wa Panda:

Vijana, ngoja na mimi niongeze. Mimi nafunga kwa ngozi mbichi. Unaloweka utepe wa ngozi ambayo haijachakatwa mpaka ulainike kama tambi, unafunga ukiwa mbichi, unauacha ukauke. Ukikauka unajikaza wenyewe kuliko mkono wowote unavyoweza kukaza. Shida yake ni mvua, ukilowa unalainika tena, ndo maana naupaka mafuta ya kitani ukishakauka kabisa. Na hapa nitoe onyo, matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye kona. Yale mafuta yanapokauka yanatoa joto, tambara likiwa limekunjwa joto halitoki, linaweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Tandaza nje yakauke wazi au yaloweke kwenye maji.

Hizi fimbo si kitu kipya, watu wazijue. Askari wa Ulaya wa karne ya 16 waliobeba zile bunduki nzito walitembea na mti wenye panda ya chuma juu, bila huo mti bunduki haishikiki. Na wawindaji wa nyati wa Marekani miaka ya 1870 walikuwa wanakaa chini na vijiti viwili vilivyofungwa msalaba, wanapiga masafa marefu na bunduki za Sharps. Vijiti viwili tu. Kwaiyo anayesema miguu miwili haitoshi aulize kwanza kama amekaa au amesimama. Ukiwa umekaa chini, viwiko juu ya magoti, miguu miwili inatosha kabisa maana mwili wako ndo mguu wa tatu. Ukiwa umesimama miguu miwili inakuzuia kuyumba kushoto kulia lakini mbele na nyuma unaelea.

Binti Nyika:

Asante sana mleta mada, na shikamoo Mzee wa Panda. Mi nina shida ya upande wa pili, mimi ni mfupi, 158, na kila ninapoenda napewa fimbo za wanaume. Za kwako zilikuwa fupi mkuu, zangu zinakuwa ndefu, na kirefu kina ubaya wake. Bunduki inapanda, kitako kinahama kutoka begani kinakuja karibu na shingo, shavu linaachana na mbao na unaanza kunyoosha shingo kutafuta darubini. Ukiona kile kivuli cheusi kama mwezi mchanga kwenye ukingo wa darubini ujue jicho lako halijakaa katikati, na ukipiga na kivuli kile risasi inaweza isiende ulipoona. Mi nilikuwa nadhani ni darubini mbovu kumbe ni fimbo.

Juzi nimejipima kwa njia yako nimepata 131. Je nikate ngapi? Na mara nyingi napiga nimepiga goti, nikate seti mbili?

Nyayo Mbichi:

Karibu sana dada, umesema kitu ambacho sikukifikiria kabisa, hicho cha kivuli wengi wanakilaumu kiwanda.

Kwa 131 kata 155. Ukiweka kifungo sentimita 12 kutoka juu unabaki na 143 chini yake, ukitanua miguu iachane kama mita moja panda inakuja pale pale kwenye 131. Uwanja wa mteremko ukikulazimisha utakuwa na ziada.

Kwa kupiga goti usikate seti nyingine mwanzo. Tanua hizo hizo kwa upana zaidi ujaribu, ila utaona zinakuwa pana mno na kisigino kinateleza. Mimi kwa goti nina miguu miwili ya sentimita 120, nyepesi, inaingia kwenye begi. Ya kukaa chini ni mita moja hivi. Kama utakata moja tu kata ya kusimama, maana nyasi zikiwa ndefu ukikaa huoni kitu.

Kimya Kimya:

Hamjazungumzia kelele na hapo ndo mawindo mengi yanaharibikia. Mwanzi ukigonga mwanzi unatoa sauti kavu ambayo porini haipo kabisa, mnyama hajui ni nini lakini anajua sio kawaida. Mi fito zangu nimezivika kitambaa cha pamba kuanzia kwenye kifungo mpaka katikati, nimekishona, sio gundi maana gundi jua likipiga inateleza. Na chini naziunga na pete ya mpira ziwe kama fimbo moja ya kutembelea. Ukisogea kwenye kichaka cha mwisho unaitoa pete KABLA hujainua kichwa. Watu wengi wanainuka kwanza, wanamwona mnyama, ndo wanaanza kuhangaika na pete, mnyama anawatazama.

Fundi Keekee bolti yako ina nati inayotokeza? Funika. Mi niliwahi kugonga nati kwenye kifungo cha mkanda wa suruali, kengele.

Fundi Keekee:

Nimefunika na kifuniko cha mpira mkuu, nakubali, chuma kwa chuma ni adui.

Mgeni Porini:

Samahani wakuu naomba kuuliza kama mwanafunzi, kwa nini msiegemee mti tu? Na hii miguu mitatu inaelekea wapi, mmoja mbele au miwili mbele? Nimeona kila mtu anaweka anavyojua.

Mzee wa Panda:

Mwanangu mti ukiwepo utumie, ila mti haukufuati. Na mtu akitumia mti asibandike bunduki yenyewe kwenye gome, aweke mkono kwenye mti na bunduki ikae mkononi, sababu ni ile ile ya mtutu.

Kuhusu miguu, mimi kwenye tambarare naelekeza mmoja kwa mnyama na miwili inakuja kwangu, nasimama katikati yake. Naegemea kidogo mbele, uzito unaenda kwenye ule mguu wa mbele, fimbo zinatulia. Kwenye mteremko miwili inakaa upande wa bondeni na mmoja upande wa mlimani, haijalishi mnyama yuko wapi, maana ukikosea hapo utaanguka na bunduki.

Kimya Kimya:

Mzee kwa heshima zote, mi naweka miwili mbele. Mguu mmoja mbele ukitaka kugeuza bunduki kumfuata mnyama anayetembea unajikwaa na hii miwili iliyo kwako. Miwili mbele unabaki na mmoja tu wa kuukwepa.

Mzee wa Panda:

Kwa mnyama anayetembea una haki. Ila anayetembea mimi simpigi, namsubiri asimame.

Nyayo Mbichi:

Hapo mi nipo na mzee. Ngoja sasa niseme la kutumia, maana kutengeneza ni jumamosi moja, kutumia ni miezi.

Fimbo hazikufanyi ulenge, zinakupunguzia kutikisika. Weka fimbo kwanza, mkono wa kushoto ushike PANDA PAMOJA NA MBAO, yaani vidole vinazunguka vyote viwili, bunduki isiruke risasi ikitoka ukakosa kuona mnyama kafanyaje. Halafu kuna zoezi nafanya kila siku bila risasi: nalenga, nafumba macho, napumua mara mbili, nafumbua. Msalaba wa darubini uko wapi? Kama umehamia kulia maana yake mwili wangu unavuta kulia na mimi nilikuwa naulazimisha. Sivuti bunduki kwa mikono kuirudisha, nasogeza mguu wangu wa nyuma nusu hatua. Ukilazimisha kwa misuli, ukibonyeza tu triga misuli inaachia na bunduki inarudi ilipotaka.

Kwa kusimama bado kuna kiwiko cha kulia kinaelea, hicho ndo kinapandisha na kushusha. Mbele imetulia, nyuma inacheza, utaona msalaba unapanda juu na chini kwa mgongo wa mnyama. Kibane ubavuni, au kama umebeba begi lisukume mbele ya tumbo kiwiko kikae juu yake. Ndo maana wengine wanatengeneza ya miguu minne, yenye panda mbili, moja ya mbele na moja ya kitako. Inatulia vizuri sana lakini ni mzigo na kuifungua inataka muda, mi niliitengeneza moja nikaigawa.

Pumua, toa hewa nusu, simamisha, bonyeza taratibu. Ukifika sekunde saba nane hujapiga jicho linaanza kufifia, achia, pumua upya. Mnyama akiondoka aondoke.

Na kipimo changu cha kujua masafa yangu ni hiki. Natafuta karatasi naichora duara la sentimita 15, maana eneo la moyo na mapafu la mnyama wa saizi ya swala halizidi hapo kwa mbali. Naanza mita 50. Natembea haraka hatua mia ili moyo udunde, nafungua fimbo, napiga risasi moja. Narudia mara tano, sio tano mfululizo bali moja moja na kutembea katikati. Zote tano zikiingia nasogea 75, halafu 100. Pale ambapo moja inatoka nje ya duara ndo mwisho wangu, narudi kwenye umbali uliotangulia na hapo ndo masafa yangu ya msimu huo. Kwangu mwaka huu ni 100 nimesimama, 150 nimekaa. Bunduki yenyewe ina uwezo wa mbali zaidi lakini mimi sina, na mnyama anapigwa na mimi.

Jambo lingine, kagua shabaha ukiwa kwenye fimbo, usitosheke na ulivyorekebisha darubini mezani kwenye mifuko ya mchanga. Kwangu kuna tofauti ya vidole viwili hivi mita 100.

Binti Nyika:

Hapo kwenye kutembea haraka kwanza umenigusa, mimi mazoezi yangu yote nafanya nimetulia nimekunywa na chai, porini moyo unapiga ngoma.

Niongeze la usalama. Darubini inakaa juu ya mtutu sentimita nne tano. Ukiwa umeweka fimbo chini, umepiga goti nyuma ya kijiwe au kisiki, darubini inaona safi kabisa kumbe mdomo wa bunduki unaangalia jiwe. Au unaangalia ncha ya ufito wako mwenyewe ikiwa bunduki umeivuta nyuma sana mpaka mdomo haujavuka panda. Kabla ya kutoa sefti (kile kizuizi cha triga) mimi natoa jicho kwenye darubini naangalia mdomo wa bunduki kwa macho. Ni sekunde moja tu.

Kimya Kimya:

Na anayekushikia fimbo. Bunduki ya kuwindia bila kizuia sauti inapita desibeli 150, sikio linaumia hata kwa mlio mmoja, na halirudi. Mimi sikio la kushoto nasikia filimbi usiku kucha kwa sababu nilikuwa namshikia mtu fimbo nimesimama usawa wa mdomo wa bunduki. Msaidizi aweke fimbo, arudi nyuma ya bega la mpigaji, azibe masikio. Na mpigaji asibonyeze mpaka amesikia mwenzie amesema "tayari". Na hakuna kuacha bunduki imesimama peke yake kwenye fimbo eti nachukua darubini ya mkononi, panda sio stendi ya kuhifadhia.

Mgeni Porini:

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Nimetengeneza! Sina mwanzi karibu nimetumia fito za mti mgumu za milimita 25, nimezipiga msasa, kipimo changu 140 nimekata 165. Nimefuata bolti ya Fundi Keekee na washa za kandambili. Nimefanya lile zoezi la kufumba macho kila jioni bila risasi, bunduki nimeikagua mara mbili kila siku na risasi nimeziacha chumba kingine. Jumapili nikaenda uwanja wa shabaha na kibali changu, mita 50 tano kati ya tano kwenye duara, mita 75 nne, moja imetoka chini kushoto. Bila fimbo mita 50 nilikuwa napata mbili. Kwaiyo masafa yangu ni 50, nimeyaandika kwenye mkanda wa bunduki kwa kalamu.

Shida yangu moja, nati inalegea. Nikitembea saa moja miguu inaanza kucheza, nakaza, inalegea tena.

Fundi Keekee:

Safi sana kijana, na hiyo ya kuandika kwenye mkanda naiiba.

Nati inalegea kwa sababu fito zinazunguka zinaisukuma. Weka nati mbili. Ya kwanza kaza mpaka fito zifunguke kwa uzito kidogo, halafu ishike hiyo na spana moja isizunguke, ya pili ikaze juu yake kwa spana nyingine kwa nguvu zako zote. Zinabanana zenyewe kwa zenyewe, hata fito zikizunguka vipi hazitoki. Kama bolti ni fupi haifiki nati ya pili, tafuta ile nati yenye pete ya plastiki ndani, nayo inashika.

Mgeni Porini:

Bolti yangu ni ya 90, imebaki uzi kama wa milimita tatu tu. Natafuta hiyo ya plastiki kesho. Asante fundi, asante wote.

Nyayo Mbichi:

Mgeni ukishaiweka hiyo rudi 75 na uangalie ile ya chini kushoto inajirudia au ilikuwa bahati mbaya ya siku hiyo. Ikijirudia upande ule ule na unatumia mkono wa kulia, angalia kidole chako kwenye triga kabla hujagusa fimbo. Tuletee majibu.